Shule Tulizojijengea Kabla ya Uhuru

Ndugu msomaji, tunapoutaja uhuru wa Kenya aghalabu tunataja siku moja. Twasema ni tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Uingereza iliposhushwa usiku na bendera ya nchi yetu kupandishwa mahali pake. Ni haki kuikumbuka siku hiyo. Lakini siku ya kuvuna ni mbali na siku ya kupanda, na mtu aliyeyaona mavuno peke yake hawezi kujua shamba lilifyekwa kwa taabu gani.

Mimi ni mwalimu, na kazi yangu katika chuo ni kuwafundisha wale ambao kesho watakuwa walimu. Kwa sababu hiyo nataka nikueleze upande mmoja wa mapambano ya uhuru ambao hauimbwi sana, yaani upande wa darasa. Miaka mingi kabla ya bunduki kulia msituni, wazee wetu walikwisha kuanza kujitawala katika jambo moja, nalo ni kuwasomesha watoto wao. Dola iliyotutawala ilitambua maana ya jambo hilo, ikaliogopa.

Kwanza yafaa ujue utawala wa kigeni ulikuwa kitu gani, maana neno likitajwa mara nyingi bila kuelezwa huwa kama ganda lisilo na kokwa. Mwaka 1895 Uingereza iliitangaza nchi hii kuwa himaya yake. Mwaka 1920 ikaifanya koloni, isipokuwa ukanda wa pwani uliobaki himaya kwa jina la Sultani wa Unguja. Ardhi yenye rutuba ya nyanda za juu ilitengwa kwa walowezi. Mwenyeji alitozwa kodi ya nyumba, kisha kodi ya kichwa. Kwa kuwa kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa haipatikani ila kwa kibarua, kodi ilimtoa mtu katika shamba lake ikampeleka katika shamba la mlowezi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wanaume Waafrika walilazimishwa kuchukua kipande, yaani cheti chenye alama za vidole na habari za kazi ya mtu, kilichotiwa katika kijaluba cha bati na kuvaliwa shingoni. Bwana asipotia sahihi katika cheti hicho, mtumishi alikuwa hana ruhusa ya kwenda kutafuta kazi kwingine.

Usidhani kwamba watu walinyamaza. Wanandi walipigana chini ya uongozi wa Koitalel arap Samoei hata alipouawa mwezi Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa wa kutafuta amani. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaamsha Wagiriama wakatae kodi na kazi za kulazimishwa. Akapelekwa uhamishoni Kisii, mbali na pwani yake, naye akatoroka akarudi kwa miguu. Mwezi Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga kipande na kodi. Watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi mjini Nairobi kudai afunguliwe, wakapigwa risasi, na kwa hesabu ya serikali yenyewe watu zaidi ya 20 walikufa. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Mary Muthoni Nyanjiru, ambaye aliwahimiza wanaume waliokuwa wakisitasita.

Sasa tuje kwenye shule. Elimu ya kisasa ililetwa kwetu zaidi na wamisionari, na asiyewashukuru kwa hilo ni mwizi wa fadhila. Walifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, na wengi wa viongozi wetu wa kwanza walitoka mikononi mwao. Walakini elimu ile ilikuwa na dari, na dari ilikuwa chini. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika ya Mashariki, ikashauri kwamba Mwafrika afundishwe mambo yanayolingana na maisha ya kijijini, kama kilimo, useremala na usafi. Shule ya Alliance, iliyoanzishwa mwaka 1926 huko Kikuyu, ikawa ya kwanza kuwapa Waafrika masomo ya sekondari, nayo iliwachukua wachache mno.

Kazi ya mikono haina aibu, msomaji wangu, na mtu asiyejua kushika jembe ana upungufu. Lakini wazazi wa siku zile waliona jambo ambalo tume halikuligusa. Amri za kuchukua ardhi ziliandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya kipande iliandikwa kwa Kiingereza. Malalamiko kwa Gavana, na kwa serikali ya London, yalisikilizwa yakiandikwa kwa Kiingereza. Basi mzazi alipotaka mwanawe afundishwe lugha hiyo mapema, na hesabu za kina, na historia ya dunia, alikuwa hatamani kofia ya Mzungu. Alitaka mwanawe aisome karatasi iliyomnyang'anya babu yake shamba. Asiyejua kusoma hati hawezi kuibishia.

Mwaka 1929 mambo yalipasuka katika nchi ya Wagikuyu. Makanisa kadhaa ya wamisionari yaliwataka waumini waikane desturi ya kuwatahiri wasichana. Wengi walikataa, wakatengwa na kanisa, na watoto wao wakafukuzwa shule. Hapa sitaki kukuficha kitu, maana historia iliyopakwa sukari haifai kupewa kijana. Desturi ile ilidhuru miili ya wasichana, na Bunge la Kenya huru liliipiga marufuku kwa sheria mwaka 2011. Yawezekana watu wakadai haki ya kujiamulia mambo yao, na dai lao likawa la kweli, ilhali ndani yake mna jambo lisilo haki kwa wengine. Msichana wa mwaka 1929 hakuulizwa na upande wowote. Jifunze kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja, wala usiliache moja kwa ajili ya kulipendeza lingine.

Watoto waliofukuzwa hawakurudi kuchunga mbuzi. Wazazi wao waliamua kujenga shule zao wenyewe. Vyama viwili vilijitokeza kuziongoza: kimoja kikiitwa KISA, kilichoundwa mwaka 1934, na kingine kikijulikana kwa jina la Karing'a. Wala fikira ya kujitegemea haikuwa ya kabila moja, maana huko Nyanza John Owalo alikuwa ameanzisha kanisa la Nomiya tangu mwaka 1910, lisilotawaliwa na wageni.

Fikiri jinsi kazi ile ilivyokuwa. Watu hawa walikuwa wakitozwa kodi na serikali ambayo haikuwa yao. Juu ya kodi hiyo wakajitoza wenyewe mchango mwingine, bila askari wa kuwashurutisha. Walikata miti, wakakanda udongo, wakaezeka nyasi. Walichagua kamati na mweka hazina. Walitafuta mwalimu, wakajifunga kumlipa, wakalipa karo. Palipokuwa na ugomvi juu ya fedha, waliuamua wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na kufikia mwaka 1952 shule hizo zilikuwa zaidi ya 100. Nakuuliza: watu wanaojitoza, wanaojichagulia viongozi, wanaotunza hesabu na kuwaandalia watoto wao kesho, wamepungukiwa na nini cha serikali? Walipungukiwa na bendera tu.

Shule ni mwalimu, na hivi karibuni ilionekana kwamba walimu hawatoshi. Ndipo mwaka 1939 kikafunguliwa Githunguri, katika wilaya ya Kiambu, chuo cha ualimu cha wananchi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Mkuu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani na Uingereza. Alikuwa na shahada ya Chuo Kikuu cha Columbia. Kijana mwenye elimu kama ile angeweza kuomba cheo kidogo serikalini akaishi kwa raha. Yeye alikwenda kuandaa walimu katika chuo kisicho na mfadhili ila wakulima. Mwaka 1947 ukuu wa chuo ukashikwa na Jomo Kenyatta, aliyekuwa amerejea nchini mwaka uliotangulia baada ya kukaa Uingereza miaka 15. Marika yalishindana kuchanga fedha za majengo, kila rika likitaka lisipitwe na lingine. Wanawake nao walichanga fedha zao mbali kwa ajili ya bweni la wasichana.

Mimi ninayefundisha chuoni siwezi kulitaja jina la Githunguri bila heshima. Mtu akijenga shule moja amewasaidia watoto wa kijiji kimoja. Akijenga chuo cha walimu amepanda mbegu itakayoota mahali asipopajua. Mwenye kuandaa walimu ndiye mwenye kuamua kesho itafundishwa nini. Mtawala aweza kumvumilia mtawaliwa anayenung'unika, hata anayeandika malalamiko, maana mlalamikaji bado amemkubali yeye kuwa hakimu. Lakini mtawaliwa anayejiandalia walimu wake ameacha kuomba, na hilo halikuweza kuvumiliwa kwa muda mrefu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Usiku huo viongozi wengi walikamatwa. Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko walishtakiwa Kapenguria, na mwezi Aprili 1953 wakahukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Shule za wananchi zilishutumiwa kuwa vitalu vya uasi. Ni kweli kwamba baadhi ya walimu wake walikula kiapo, na Dedan Kimathi mwenyewe aliwahi kufundisha shule kabla ya kuingia msituni. Lakini adhabu haikuwalenga walimu hao peke yao. Shule zilifungwa kwa wingi, na baadhi ya zilizofunguliwa tena ziliwekwa chini ya wamisionari au bodi za serikali. Chuo cha Githunguri nacho kikafungwa. Kisha pale pale Githunguri, palipokusudiwa kuwapa vijana chaki, serikali ikaweka mahakama na mti wa kunyongea watu. Katika miaka ya hali ya hatari watu zaidi ya 1,000 walinyongwa nchini kwa hukumu za mahakama.

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mtoto wa miaka 10 wakati ule. Alisoma katika shule moja ndogo ya wananchi ambayo baba yake alitoa nguzo mbili za mlango wake. Alikuwa darasa la tatu. Amenisimulia kwamba hakusikia mlio wa bunduki siku shule yao ilipofungwa. Mwalimu hakuja, na mlangoni palikuwa na kufuli. Watoto waliketi nje kwenye nyasi hata mchana, wakidhani ufunguo umepotea. Siku ya pili walirudi, na siku ya tatu wakarudi, na siku ya nne mama zao wakawazuia. Baada ya majuma machache madawati yalikwisha kuwa kuni katika kituo cha walinzi. Mwaka 1954 watu wa mlima ule walihamishwa wote wakatiwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongoka, na yeye alichota maji kwa zamu chini ya ulinzi.

Uhuru ulipokuja alikuwa mwanamke wa miaka 21, mwenye watoto wawili. Alijifunza kusoma kwa ufasaha katika masomo ya ngumbaru, baada ya kampeni ya kufuta ujinga kuanzishwa mwaka 1979, yaani robo karne na zaidi baada ya lile kufuli. Hata leo akiona hesabu ya kugawanya huitazama kwa makini kuliko hesabu nyingine, kwa sababu hiyo ndiyo iliyobaki ubaoni bila jibu. Nimekusimulia habari hii usije ukadhani kwamba hasara ya ukoloni huhesabiwa kwa makaburi peke yake.

Vita vyenyewe vilikuwa vichungu, na uchungu wake ulitapakaa pande zote. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji waliishambulia Lari wakaua watu wengi, wakiwamo wanawake na watoto, na vikosi vya serikali vikalipiza kisasi kwa kuua wengine wengi. Waafrika waliuawa na Waafrika wenzao, na jeraha hilo lilikaa katika vijiji miaka mingi. Kimathi alikamatwa mwaka 1956 akanyongwa Kamiti mwezi Februari 1957. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, mahabusi 11 walipigwa hata wakafa kwa sababu walikataa kazi ya kulazimishwa. Kwanza ilitangazwa kwamba wamekufa baada ya kunywa maji. Ukweli ulipojulikana, Bunge la Uingereza lenyewe lilitikisika. Hali ya hatari ikaondolewa mwezi Januari 1960, mkutano wa katiba ukakaa London mwezi ule ule, Kenyatta akafunguliwa mwaka 1961, Madaraka yakaja tarehe 1 Juni 1963, na uhuru kamili mwezi Desemba.

Nisikudanganye kwamba uhuru uliletwa na shule peke yake, wala na kabila moja. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba hata Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe zao, naye akapelekwa uhamishoni Lamu. Mwezi Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, bandari ikasimama, na Chege Kibachia aliyewaongoza akaadhibiwa kwa kuhamishwa. Mwezi Aprili 1950 Makhan Singh, mzaliwa wa India na mtetezi wa wafanyakazi wa kila rangi, alidai hadharani uhuru kamili, akawekwa kizuizini zaidi ya miaka 11. Mto mkubwa hukusanya vijito vingi. Nimechagua kukuonyesha kijito kimoja kwa sababu wewe ni mwanafunzi, na maji yake yanapita mlangoni pako.

Baada ya uhuru, wananchi walipoambiwa Harambee, hawakuhitaji kufundishwa jinsi ya kuchanga. Mikono ilikwisha kuzoea. Katika miaka iliyofuata shule nyingi za sekondari zilijengwa nchini kwa michango ya namna ile ile, watu wakitoa mawe, mchanga, kuku na shilingi. Huenda shule unayosoma ni mojawapo.

Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitamka Bungeni kwamba inasikitikia mateso yaliyotendwa wakati wa hali ya hatari, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, bila kukubali dhima kwa mujibu wa sheria. Wazee wengi walikuwa wamekwisha kufa. Waliopokea walipokea kwa haki. Lakini hakuna benki iwezayo kumrudishia mtu darasa la tatu.

Basi somo ni nini? Mimi naona ni hili. Watu hawawi huru siku wanapopewa ruhusa. Wanaanza kuwa huru siku wanapoanza kufanya kazi za watu huru, nazo ni kujitoza bila kusukumwa, kutunza mali ya wote kama mali ya mmoja, kuhesabu fedha mbele ya watu, na kumwandalia mtoto wa jirani pamoja na wa kwao. Wazee wetu walizifanya kazi hizo wakiwa chini ya utawala wa kigeni. Sisi tunaweza kuziacha tukiwa chini ya bendera yetu wenyewe, na hapo bendera itakuwa kitambaa. Mara nyingi nimeona dawati limechongwa kwa kisu, kioo kimevunjwa, kitabu kimechanwa kurasa, na mwenye kufanya hivyo akasema kwamba ni vitu vya serikali. Neno hilo lilikuwa na maana kinywani mwa babu zetu, ambao serikali haikuwa yao. Kinywani mwako, wewe uliyezaliwa huru, halina maana.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami nataka kukupa kazi moja ndogo ya kuinama. Tafuta wazee wa mahali ulipo, hata wakiwa wamebaki wawili au watatu. Waulize kwa adabu shule yako ilijengwa mwaka gani, nani alitoa uwanja, nani alibeba mawe ya kwanza, mwalimu wa kwanza alikuwa nani, na kama shule ile iliwahi kufungwa. Andika majina yote, ya wanaume na ya wanawake, kwa hati inayosomeka. Kisha umpe mwalimu wako daftari hilo ulitie katika maktaba, ili atakayeketi kwenye dawati lako baada yako alikute.